Unauza kwenye mlango wa mtu? Soma kisa hiki cha Nintendo

Wadau, mwaka jana niliamka asubuhi nikakuta akaunti yangu ya kuuzia imefungwa. Wateja niliowahangaikia miaka miwili wote walikuwa humo humo, na namba zao sikuwa nazo hata moja. Nilianza upya kabisa. Toka siku hiyo napenda kusoma jinsi kampuni kubwa zinavyoishi na mwenye mlango, na kisa kilichonifungua macho ni cha gemu.

Iko hivi. Kampuni inayotengeneza mashine ya gemu haitengenezi gemu zote yenyewe. Nyingi zinatoka kwa kampuni za nje. Yaani mwenye mashine ndiye mwenye soko, na hao wa nje ni wauzaji tu kama mimi na wewe.

Nintendo ya Japani ilianza kuuza mashine yake ya NES Marekani mwaka 1985. Soko la gemu kule lilikuwa limeanguka 1983, na sababu mojawapo ni gemu mbovu zilizojaa madukani mpaka watu wakachoka. Kwa hiyo Nintendo ikaweka chipu ndani ya mashine. Kaseti isiyo na chipu inayolingana nayo, mashine haiisomi. Ukitaka kuuza lazima upite kwao, na masharti yalikuwa haya:

👉 Gemu 5 tu kwa mwaka kwa kila kampuni.
👉 Kaseti zinatengenezwa na Nintendo, na wewe unalipia mzigo kabla haujauza hata moja.
👉 Gemu hiyo huruhusiwi kuipeleka kwenye mashine nyingine kwa miaka 2.

Sasa utauliza, kwa nini walikubali? Kwa sababu wateja walikuwa huko. Konami ilipoona gemu 5 hazitoshi, ikafungua jina la pili, Ultra Games, ili ipate nafasi nyingine.

Tuwe wakweli, masharti hayakuwa ya kijinga. Yalizuia takataka zisirudi sokoni. Shida ni kwamba hasara yote ilimwangukia muuzaji. Kaseti ni ghali na inachukua wiki nyingi kutengenezwa, kwa hiyo unabahatisha idadi. Ukiagiza nyingi mzigo unalala, ukiagiza chache wateja wanakosa.

Mwishoni mwa 1994 Sony ikaleta PlayStation, inayotumia CD. CD ni ya bei nafuu, inabeba vitu vingi, na zikiisha unatoa nyingine haraka. Nintendo ikatoa N64 mwaka 1996, bado na kaseti. Square, ambao gemu zao 6 za mwanzo za Final Fantasy zote zilitoka kwanza kwenye mashine za Nintendo, wakahama. Final Fantasy VII ikatoka PlayStation mwaka 1997, kwenye CD 3. Hawakuhama peke yao. Mwisho wa siku PlayStation iliuza zaidi ya mashine milioni 100, N64 karibu milioni 33.

Unaona? Walivumilia miaka yote kwa sababu mlango ulikuwa mmoja. Wa pili ulipofunguka, waliokuwa na bidhaa nzuri walibeba vyao wakaondoka.

Kwetu sisi wadogo, fanya haya:

1. Kila mteja akinunua, omba namba yake na ruhusa ya kumtumia mzigo mpya. Iandike kwenye daftari, isikae kwenye simu tu.
2. Kabla ya kulipia mzigo wote mbele, jiulize ukilala nani anabeba hasara. Kama ni wewe peke yako, anza na kidogo.
3. Mtu akikwambia uuze kwake tu, muulize anakupa nini, na kwa muda gani. Kama hana jibu, usikubali.
4. Na ukiwa wewe ndiye mwenye ukurasa mkubwa, unaowauzia wenzako vitu vyao, usiwabane kisa hawana pa kwenda. Iko siku watapata.

Namba 1 ianze leo, hata na wateja watano. Mimi ningekuwa nayo, nisingelala njaa ile wiki.

Una daftari la wateja au bado? Tuambie kwenye komenti 👇