Chipu Haiponyi Kihisi Kilichokufa

Chini ya kiti cha kushoto cha Porsche 911 Carrera, toleo la lita 3.2 lililotoka kati ya 1984 na 1989, kuna kisanduku bapa cha bati. Hiyo ndiyo kompyuta ya injini, Motronic ya Bosch. Ndani yake, kwenye soketi, imechomekwa chipu yenye miguu 24, au 28 kwa magari ya kuanzia 1987. Wamiliki huuziwa chipu mbadala kwa maneno matamu: chomoa hiyo, chomeka hii, gari litaamka. Wakati mwingine kweli linaamka. Lakini wapo wanaoinunua kwa sababu gari linakunywa mafuta na kukohoa kwenye mwendo wa kawaida. Wanabadili chipu, na kikohozi kinabaki palepale.

Chipu ni jedwali tu. Kwa kila kasi ya injini na kila kiasi cha hewa inayoingia, imeandikwa nozeli zifunguke kwa muda gani na plagi ziwashe mapema kiasi gani. Yaliandikwa zamani hayo, na jedwali halina habari kama leo mpira wa hewa umepasuka au pampu ya mafuta imechoka.

Anayejua ya leo ni kihisi cha oksijeni. Kilifungwa hasa kwenye magari ya soko la Marekani, ambako sheria za moshi zilidai kile kifaa cha ekzosti ambacho mafundi wetu hukiita masega. Ncha yake ni kauri ya zirkonia: upande mmoja unaguswa na moshi, wa pili na hewa ya nje. Ikishapata joto la nyuzi 300 na zaidi, tofauti ya oksijeni kati ya pande hizo huzaa umeme kidogo. Petroli ikizidi, volti hupanda hadi 0.8 au 0.9, hewa ikizidi, hushuka karibu na 0.1. Katikati, kwenye 0.45, ndipo hewa na petroli zinapolingana: gramu 14.7 za hewa kwa gramu 1 ya petroli. Kompyuta hupunguza mafuta volti ikipanda na kuyaongeza ikishuka, kwa hiyo kihisi kizima hakitulii hata kidogo. Gusisha mita kwenye waya wake injini ikiwa ya moto, utaona namba zinacheza: 0.2, 0.7, 0.3, 0.8.



Namba zikigandia chini, usikimbilie kukilaumu kihisi. Ufa mwembamba kwenye maungio ya ekzosti, kabla ya pale kilipofungwa, hunyonya hewa ya nje kati ya pigo moja la moshi na jingine. Kihisi huikuta oksijeni hiyo na kusema kweli tupu: hewa ni nyingi. Kompyuta inaamini, inamwaga mafuta. Mwenye gari ananusa petroli, fundi anafunga kihisi kipya, na kihisi kipya kinasema yaleyale.

Chipu inatawala wapi, basi? Ukikanyaga pedali hadi mwisho. Swichi ndogo kwenye mlango wa hewa huiarifu kompyuta, nayo huacha kukisikiliza kihisi. Injini hapo inataka mchanganyiko mzito zaidi, kama 12.5 au 13 kwa 1, na kihisi cha aina hii hakiwezi kuupima. Kinajua "mengi" na "machache" basi. Ukiachia pedali na kuendesha taratibu, kihisi huirudisha injini kwenye 14.7, hata kama mwandishi wa chipu aliandika vingine.

Muda wa kuwasha plagi ni habari nyingine, kwa sababu kihisi hakina kauli hapo. Porsche wenyewe walicheza na jedwali: Carrera ya Marekani ilipanda kutoka nguvu za farasi 207 hadi 217 mwaka 1987, injini ikiwa ileile ya sentimita za ujazo 3,164, na sehemu kubwa ya nyongeza ilitoka kwenye kompyuta. Wauza chipu hufuata njia hiyo, wanawasha mapema zaidi. Mimi hapo ndipo ninaposita, maana injini hii haina kihisi cha kusikia inapogonga. Ukiitilia petroli ya oktani ndogo juu ya chipu kali, hakuna kitakachorudisha cheche nyuma, na mlipaji ni pistoni.

Kwa hiyo mita kwanza, kisha maungio ya ekzosti, kisha umuulize muuzaji chipu yake iliandikwa kwa oktani ngapi. Akijibu "yoyote tu", mrudishie. Akikuridhisha, toa waya wa betri kabla ya kufungua kisanduku, na utazame kile kikato kidogo kwenye ncha ya chipu: kielekee upande ule ule wa ile uliyoitoa. Ukiigeuza, utaiunguza siku hiyohiyo.