Kifundo cha Binti Yetu: Plasta au Sapoti?

Muhula wa pili ndio msimu wa kandanda shuleni, na wazazi wa Pwani wenye mabinti katika shule za bweni za Kitale na Bungoma hungojea simu kwa hofu ya namna mbili: ya mitihani, na ya mguu. Sisi tulipata ya pili. Binti wa dada yetu, asomaye Bungoma, aliteguka kifundo cha mguu wa kulia mara ya tatu katika mwaka mmoja. Baba yake akaapa kuwa mpira basi. Mtoto akalia siku mbili. Tulipoombwa shauri, tukaona heri kwanza tusome na kuwauliza wenye ujuzi.

Kule bara mpira wa wasichana si mchezo wa kupitishia jioni. Kitale ndiko iliko Wiyeta, shule ya wasichana yenye jina kubwa katika kandanda ya shule za Kenya, na ndiko nyumbani kwa klabu ya wanawake ya Trans Nzoia Falcons. Lakini mvua ni nyingi, viwanja huteleza, na fuko huacha mashimo chini ya nyasi. Mguu ukikanyaga vibaya, unyayo hugeukia ndani, na kano za upande wa nje huvutika au kukatika. Zikipona hubaki na ulegevu. Ndiyo sababu aliyeteguka mara moja yu karibu zaidi na kuteguka tena.

Mwalimu wa michezo alikuwa akimfunga plasta nyeupe kabla ya kila mechi. Plasta ikifungwa na mkono uliofunzwa hushika vyema, ila jasho na mbio huilegeza, na sehemu kubwa ya mkazo wake hupotea katika dakika 20 hivi. Nusu ya kwanza haijaisha! Tena hutumika mara moja na kutupwa, na ikikazwa mno hufinya mishipa ya damu.

Sapoti ni ile ya kitambaa kigumu yenye kamba na mikanda, si ile soksi ya mpira ya kuvuta. Mchezaji huivaa mwenyewe, na wakati wa mapumziko huikaza upya. Mwaka 1997 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya wanawake wacheza kandanda waliowahi kuteguka. Katika waliovaa sapoti, hakuna kifundo kilichoteguka tena. Katika waliofungwa plasta ni asilimia 25, na katika wasiovaa kitu asilimia 35. Wachezaji hao walikuwa wachache, basi tusizifanye hesabu hizo kuwa sheria. Utafiti wa Afrika Kusini wa mwaka 1994, wenye wachezaji zaidi ya 500, nao ulikuta kuwa sapoti huwafaa waliokwisha kuumia. Wasiowahi kuteguka hawakuonekana kufaidika.

Liko jambo ambalo vitabu vya michezo havilitaji. Mara nyingi sala ya Alasiri humkuta binti uwanjani. Maji ya udhu hayafiki ngozini chini ya plasta, na ile iliyofungwa kwa tahadhari tu, isiyofunika jeraha, yapasa kubanduliwa. Sapoti huvuliwa na kurudishwa kwa dakika chache. Mwenye jeraha ambaye daktari amemkataza kufungua bendeji ana hukumu yake ya kupangusa kwa maji, na katika madhehebu ya Imamu Shafii huongeza kutayamamu; hapo na amuulize sheikh wake. Tena sapoti hujificha chini ya soksi ndefu. Ama hijabu, waweka sheria za kandanda waliiruhusu rasmi mwaka 2014.

Tulimwambia shemeji yetu asimkataze binti, wala asimrudishe uwanjani kesho. Asiyeweza kupiga hatua nne, au anayeumia mfupa ukibonyezwa, hupelekwa eksrei kwanza. Siku za mwanzo ni za barafu na kupumzika, si za kuchuliwa kwa mafuta ya moto, ingawa bibi zetu watatununia kwa kusema hivyo. Kisha huja zoezi la kusimama kwa mguu mmoja, macho wazi na baadaye yamefumbwa, kila siku kwa majuma kadhaa, maana misuli nayo hufunzwa kukizuia kifundo.

Shemeji amekubali kununua sapoti, kwa sharti kwamba zoezi hilo lisikosekane. Likizo hii binti huosha vyombo akiwa amesimama kwa mguu wa kulia, na nyanya yake humhesabia kwa sauti kutoka barazani.