Wakikualika Kwenda Kuteleza Thelujini, Uliza Kwanza Gari Litalala Wapi

Kila mwaka wapo wanachuo wenzetu wanaopata nafasi ya kwenda Marekani, wengine kwa muhula mmoja wa kubadilishana, wengine kuchukua shahada ya pili. Wale wanaoangukia Colorado au Utah, haipiti miezi miwili kabla hawajausikia ule mwaliko: "Wikiendi twende tukateleze thelujini, tunachangia mafuta tu." Anayesema hivyo hadanganyi. Kwake kweli ni mafuta tu, maana gharama nyingine alishazilipa miezi sita nyuma, na buti na koti anavyo tangu sekondari. Wewe mwenye posho ya kuhesabu ndiye utakayepanda gari ukiwa na dola 100 mfukoni na kurudi ukiwa unadaiwa.

Tuanze na mlangoni. Skii ya mlimani iko hivi: unapandishwa juu kwa kiti kinachoning'inia kwenye waya, unateleza kushuka, unapanda tena. Unacholipia hasa ni hicho kiti. Mlima wenyewe mara nyingi ni ardhi ya umma. Sehemu kubwa ya njia za Vail na Breckenridge, kwa mfano, zimo ndani ya msitu wa taifa wa White River, na kampuni inaendesha biashara kwa kibali cha serikali. Sasa, tiketi ya siku moja ukiinunua dirishani siku hiyohiyo, pale Vail au Park City msimu ukiwa umekolea, imeshapita dola 300. Mtu mmoja, siku moja. Siku tatu ni zaidi ya shilingi milioni mbili za kwetu, na hapo hujala wala hujalala.

Mtu akisikia bei hiyo anadhani ni mchezo wa matajiri tu, basi. Lakini angalia waliopanga foleni ya viti: wamo wahudumu wa mikahawa, wamo wanafunzi. Hawa wameingiaje? Jibu ni kwamba bei ya dirishani ipo ili ikutishe. Mwaka 2008 kampuni ya Vail Resorts ilitoa pasi ya msimu iitwayo Epic kwa dola 579, ukiwa na hiyo unateleza msimu mzima kwenye milima yake kadhaa. Watu walidhani kampuni imechanganyikiwa. Ilikuwa imepiga hesabu. Biashara ya theluji ina ugonjwa mmoja: mwaka theluji isipoanguka, hakuna mteja. Ukimuuzia mteja pasi kabla ya msimu, hela unayo mkononi hata mbingu zikigoma. Ili watu wakubali kulipa mapema hivyo, tiketi ya siku ikapandishwa mwaka hadi mwaka mpaka ikawa mtu akihesabu siku chache tu anaona bora pasi. Mwaka 2018 wapinzani wao wakaja na pasi ya Ikon kwa mtindo uleule. Zote mbili huwa zina bei ya wanafunzi wa chuo, ila lazima uthibitishe kwamba umesajiliwa.

Hapa ndipo mtego wa wenzetu ulipo. Mauzo ya pasi hizi kwa kawaida hufungwa Desemba. Anayefika kwa muhula wa Januari anakuta mlango wa bei nafuu umeshafungwa na wa dola 300 ndio uko wazi. Ukiwa katika hali hiyo, muulize aliyekualika kama pasi yake inampa tiketi za punguzo kwa marafiki. Nyingi zinazo, na wenyewe wanasahau. La pili, nunua mtandaoni siku kadhaa kabla, usisubiri dirisha. La tatu, na mimi naliona ndilo la maana zaidi: wewe ni mwanafunzi wa kwanza wa mchezo huu. Siku yako yote itaishia kwenye kimteremko cha chini pamoja na watoto wa miaka mitano ambao watakupita. Huna sababu ya kulipia mlima mzima. Sehemu nyingi zina kifurushi cha wanaoanza: mwalimu, vifaa vya kukodi, na kiti cha eneo la chini peke yake. Tena kuna milima isiyo ya makampuni makubwa. Loveland, iliyo kama kilomita 85 kutoka Denver, tiketi yake ni nafuu kuliko ya majirani zake wenye majina, na maegesho yake ni bure.

Hilo la maegesho msilione dogo. Mtu aliyezoea kwamba paking ni pale gari linapotosha hawezi kuelewa jinsi wenzetu kule wanavyoamka saa kumi na moja alfajiri kugombea nafasi. Chukua Alta, Utah, mlima unaopata zaidi ya mita 12 za theluji kwa mwaka. Kuna barabara moja tu ya kuingia katika korongo lile, na maporomoko ya theluji huifunga mara kwa mara. Wikiendi za msimu lazima uwe umelipia nafasi ya gari mapema, huna, unageuzwa. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei ya tiketi, uliza basi. Utah kuna mabasi ya umma yanayopanda hadi milimani, na Denver kuna mabasi ya Snowstang yanayokwenda wikiendi za msimu. Vyuo vingine kitambulisho chako ndicho nauli. Waulize wanaokupa kitambulisho, wala si aibu.

Mkiamua kwenda na gari, kuna sheria ya matairi. Kwenye barabara kuu ya I-70 ya Colorado, kati ya Morrison na Dotsero, kuanzia tarehe 1 Septemba hadi 31 Mei kila gari dogo lazima liwe na matairi yanayofaa theluji au libebe minyororo ya kufunga kwenye matairi, isipokuwa kama linavuta kwa magurudumu yote manne, na hapo pia kashata za tairi zisiwe zimelika. Ukikwama ukaziba njia, faini inapita dola 500. Kampuni nyingi za kukodisha magari zinakataza kufunga minyororo, na zinamtoza zaidi dereva aliye chini ya miaka 25. Yaani gari la kukodi mnalichangia watu wanne mkidhani mmeokoa, kumbe basi lilikuwa nafuu.

Kulala sasa. Vyumba vya karibu na mlima bei yake inaendana na ile tiketi ya dirishani, ndiyo maana atatokea mjanja kwenye kundi aseme, "Tulale kwenye gari pale paking," au, "Tubebe hema, msitu si wa umma?" Msitu ni wa umma kweli, na katika misitu mingi ya taifa unaruhusiwa kupiga kambi bure kwa siku 14 hivi. Lakini eneo la mlima wa skii na maegesho yake lina masharti yake, na mengi yanakataza kulala usiku kwa sababu magari ya kusukuma theluji hufanya kazi saa hizo. Gari lako litavutwa, na kulikomboa ni hela nyingine. Njia za msituni nazo wakati huo zimefungwa, au zimefunikwa. Korongo la Alta ni mojawapo ya vyanzo vya maji ya jiji la Salt Lake, kwa hiyo masharti ni makali hata kwa mbwa: haruhusiwi kuingia.

Na kuna jambo la kufa na kupona. Mkilala ndani ya gari mkaacha injini inawaka ili mpate joto, theluji ikaziba bomba la moshi, hewa ya sumu inarudi ndani na hamtaamka. Haina harufu. Ni ileile inayoua watu kwetu waliofungiana chumbani na jiko la mkaa. Jiko la gesi ndani ya hema lililofungwa linafanya hivyohivyo. Ningekuwa na dola 60 tu za malazi, ningelala Denver kwenye hosteli ya vitanda vingi na kupanda basi alfajiri.

Mwili nao una gharama. Mji wa Breckenridge uko kama mita 2,900 juu ya usawa wa bahari, juu kidogo ya kibanda cha Mandara pale Kilimanjaro, na kiti chake cha juu kabisa kinakufikisha zaidi ya mita 3,900, yaani umeshapita Horombo. Kichwa kikiuma, shuka. Usivae jinzi, pamba hulowa na kuganda. Bima yako ya chuo isome kabla, hasa orodha ya michezo isiyolipiwa: wahudumu wa mlimani kwa kawaida hawakutozi kukushusha, ila ambulensi inayokusubiri chini itakuletea bili.

Ipo pia skii isiyohitaji kiti kabisa. Ni ile ya kutembea na kusukuma kwenye tambarare na vilima, na ndiyo aliyoshindana nayo Philip Boit, Mkenya wa kwanza kwenye Olimpiki ya majira ya baridi, Nagano 1998. Alimaliza kilomita 10 akiwa wa mwisho, na bingwa Bjørn Dæhlie wa Norwei alimsubiri mstarini akamkumbatia. Vifaa vyake ni vyepesi, kukodi ni nafuu, na njia nyingine ni bure. Vyuo vingi vina klabu ya safari za nje inayoazimisha vifaa na kupeleka watu kwa pamoja. Ya Dartmouth ipo tangu 1909, na chuo hicho kina hadi mlima wake wa skii. Fomu za klabu hizi hujazwa mwanzoni mwa muhula, theluji ikiwa bado haijaanguka, na nafasi za wanaoanza huwa ndizo zinazoisha kwanza.