Zebaki ya mwaloni na kisima cha jirani Shelui

Sekenke, jirani na Shelui wilayani Iramba mkoani Singida, dhahabu imechimbwa tangu enzi za Wajerumani. Ndiyo waliyoifulia sarafu za rupia 15 mjini Tabora mwaka 1916. Leo wapo wachimbaji wadogo, na wachimbaji wadogo wengi nchini hukamatisha dhahabu kwa zebaki. Wakazi wana haki ya kuuliza: zebaki hiyo haifiki kisimani?

Yenyewe haina mwendo wa haraka. Mwaloni, yaani pa kuoshea dhahabu, unga wa mawe yaliyosagwa kwenye kalasha huoshwa, zebaki ikashika punje za dhahabu zikawa donge la rangi ya fedha, kisha donge huchomwa. Mvuke wake humwumiza kwanza anayechoma, na watoto wake kama anachomea nyumbani: mikono hutetemeka, kumbukumbu hupotea. Zebaki inayobaki kwenye marudio, yaani mabaki ya unga uliokwisha kuoshwa, hung'ang'ania udongo.

Tatizo ni marudio hayohayo yanapopelekwa kwenye mitambo ya sayanidi kutolewa dhahabu iliyosalia. Sayanidi haichagui: huyeyusha dhahabu, huyeyusha na zebaki. Zebaki iliyokuwa imekwama sasa inatembea na maji. Bwawa la mabaki likivuja, maji hayo hushuka kwenye nyufa za miamba, na sehemu kubwa ya Singida visima hupata maji kwenye nyufa hizohizo. Juani sayanidi huvunjika upesi. Chini ya ardhi hudumu zaidi.

Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 0.006 za zebaki kwa lita ya maji ya kunywa. Kiasi hicho hakionekani wala hakina ladha, na kuchemsha maji si dawa yake.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020. Mkataba huo unataka nchi zikomeshe kutia sayanidi kwenye marudio yenye zebaki kabla zebaki haijaondolewa. Kwangu mimi, hilo ndilo la kusimamiwa kwanza, hata kabla ya kugombana na mchimbaji mwenye karai lake.

Kama kisima chenu kiko upande wa bondeni mwa mwalo au mtambo, peleka ombi kwa ofisi ya wilaya ya RUWASA, wakala wa maji vijijini, maji yapimwe. Taja zebaki na sayanidi kwa majina, maana upimaji wa kawaida wa chumvi, floridi na vimelea hauvioni.