Makaa na Kahawa Leicestershire (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliishia London, mwaka 1652, pale Pasqua Rosée alipofungua kibanda chake cha kahawa kwenye kichochoro kilicho jirani na Cornhill. Leo tunapanda kaskazini, kilomita kama 160, hadi kaunti ya kale ya Leicestershire. Huko kahawa ilirudi upya karne mbili baadaye, na safari hii haikuwaendea mabwana na mawakili. Iliwaendea wafumaji wa soksi na washona viatu.

Katikati ya mji wa Leicester pana Mnara wa Saa uliojengwa mwaka 1868. Barabara tano zinakutana hapo. Zamani, kabla ya mnara, eneo hilo liliitwa Coal Hill, yaani Kilima cha Makaa, kwa kuwa ndipo wachuuzi walipoleta makaa ya mawe kutoka machimboni na kuyauza. Hatua chache kutoka hapo, mwaka 1885, mbunifu majengo Edward Burgess alijenga mkahawa wa East Gates, jengo lenye mbao zilizopangwa kwa mtindo wa kale wa Kiingereza. Bado lipo. Mtu akisimama chini ya ule mnara anaona kwa mtazamo mmoja mahali palipouzwa makaa na mahali palipouzwa kahawa. Kwa maoni yangu ujirani huo haukutokea hivi hivi. Makaa yalitangulia, yakaifungulia kahawa njia.

Kwetu pwani jambo hili halihitaji maelezo marefu. Aliyekulia Lamu, Mombasa au Unguja anamjua muuza kahawa wa jioni: dele la shaba mkononi, jiko dogo la makaa chini yake, vikombe vinagonganishwa ili baraza isikie kuwa amefika. Moto ukizimika, biashara imekwisha. Leicestershire ilikuwa vivyo hivyo, ila moto wake ulichukua mamia ya miaka kufika mjini kwa urahisi.

Makaa yenyewe hayakuwa mbali. Tangu Zama za Kati yalichimbwa Coleorton na Swannington, upande wa kaskazini-magharibi wa kaunti, yakapakiwa kwenye migongo ya farasi na kusafirishwa kilomita ishirini na ushei hadi mjini. Wakati wa baridi barabara hizo ziligeuka tope tupu. Makaa ni mzigo mzito wenye thamani ndogo, na sehemu kubwa ya bei yake huliwa njiani. Anayenunua mlangoni kwake analipia zaidi kwato za farasi kuliko jasho la mchimbaji.

Mwaka 1794 mto Soar ulikuwa umekwisha kutengenezwa kiasi cha matishari kufika Leicester, nayo yakaleta makaa ya Derbyshire na Nottinghamshire kwa bei ambayo farasi hawakuiweza. Wachimbaji wa Leicestershire wakawa wageni katika soko la nyumbani kwao. Walijaribu kuchimba mfereji wao kupitia Charnwood, wakajenga bwawa pale Blackbrook ili kuulisha maji. Februari 1799 ukingo wa bwawa hilo ukabomoka, na mradi mzima ukaenda na maji. Kwa zaidi ya miaka thelathini iliyofuata, jiko la Leicester liliwashwa kwa makaa ya watu wa jirani.

Aliyeigeuza hali hiyo ni William Stenson, mwenye mgodi wa Whitwick. Alisikia habari za reli za kaskazini mwa nchi, akazifuata akazione kwa macho yake, kisha akaenda kwa John Ellis, mkulima wa karibu na Leicester. Ellis alikuwa muumini wa Marafiki, dhehebu lile lile ambalo leo lina wafuasi wengi magharibi mwa Kenya, na alikuwa anafahamiana na mjenzi wa reli George Stephenson. Stephenson mzee alivutiwa na makaa yenyewe hata akachimba mgodi wake Snibston. Kazi ya kujenga reli akamwachia mwanawe Robert, kijana asiyetimiza miaka thelathini.

Reli ya Leicester na Swannington ilifunguliwa 17 Julai 1832. Njiani, pale Glenfield, kuna handaki lenye urefu wa zaidi ya mita 1,600. Inasimuliwa kwamba siku ile ya kwanza dohani ya garimoshi iligonga dari la handaki, na waheshimiwa waliokuwa ndani ya mabehewa wakatokea upande wa pili weusi kwa masizi, ikabidi wasimame kijitoni kunawa. Abiria wa kawaida hawakupewa tiketi za karatasi. Walipewa vipande vya shaba ya manjano vyenye pembe nane, vimechorwa jina la stesheni, na mwisho wa safari vilikusanywa vikarudishwa vilikotoka. Lakini abiria walikuwa nyongeza tu. Reli hii ilijengwa kwa ajili ya makaa.

Sasa angalia kilichofuata, maana hapa ndipo kisa kinapogeuka. Wenye migodi wa bonde la Erewash, mpakani mwa Nottinghamshire na Derbyshire, waliona soko lao la Leicester linawaponyoka. Wakawaomba wenye mifereji wapunguze ushuru, wakapunguziwa kidogo kisichotosha. Tarehe 16 Agosti 1832 wakakutana kwenye nyumba ya wageni iitwayo Sun Inn, mjini Eastwood, wakaazimia kujenga reli yao wenyewe hadi Leicester. Azimio hilo lilizaa kampuni ya reli ya Midland Counties, ambayo treni zake zilianza kuingia Leicester mwaka 1840, na mwaka 1844 kampuni hiyo ikaungana na nyingine mbili kuwa Midland Railway, mojawapo ya kampuni kubwa za reli Uingereza. Ugomvi wa wauza makaa, ulioamuliwa ndani ya nyumba inayouza pombe, ulitandika vyuma kilomita kwa kilomita.

Na ni juu ya vyuma hivyo alipopita Thomas Cook. Alikuwa seremala wa Market Harborough, kusini mwa kaunti, Mbatisti mwenye imani kali kwamba pombe ndiyo inayowaua maskini. Hofu yake ilikuwa na sababu. Sheria ya mwaka 1830 ilimruhusu karibu kila mwenye nyumba anayelipa kodi kuuza bia kwa ada ya gini mbili, na vilabu vikachipuka kila mtaa kama uyoga. Juni 1841, akitembea kwa miguu kwenda Leicester kwenye mkutano wa wapinga pombe, Cook alipata wazo la kuikodi treni nzima. Tarehe 5 Julai aliwapakia watu kama 500 kwenye mabehewa yasiyo na paa, shilingi moja kwenda na kurudi, kutoka Leicester hadi Loughborough kwenye mkutano wao. Biashara ya utalii iliyokuja kuenea duniani kwa jina lake ilianzia hapo. Baadaye alihamia Leicester, na mwaka 1853 alifungua hoteli isiyouza pombe katika barabara ya Granby, kando ya ukumbi wa wapinga pombe, ambayo mkewe Marianne aliisimamia.

Hapa inafaa kufafanua jina. Katika nyumba za wageni za Kiingereza, “chumba cha kahawa” kilikuwa chumba cha kulia cha wasafiri wenye uwezo, na mvinyo ulimiminwa humo bila kificho. Maskini hakuwa na kiti mle. Wapinga pombe walilichukua jina hilo wakalirudishia maana yake. Leicester iliunda kampuni yake ya mikahawa ya kahawa na kakao mwaka 1877, ikafungua nyumba moja baada ya nyingine. Mkahawa wa Victoria, kazi nyingine ya Burgess, ulijengwa barabara ya Granby mwaka 1888, na High Cross mwaka 1895.

Nia ilikuwa kumpa mfanyakazi kila kilichompeleka kilabuni isipokuwa pombe yenyewe. Alitaka mwanga, joto, gazeti, mchezo wa biliadi, na mahali pa kukaa na wenzake bila mtu kumuuliza atatoka saa ngapi. Nyumba za namna hii ziliwahi kufunguliwa alfajiri, ili anayekwenda kiwandani apate kikombe cha moto na kipande cha mkate kwa peni chache kabla king’ora hakijalia. Fikiria asubuhi ya Januari, giza bado, chumba cha kulala hakina moto kwa sababu makaa ya jana yamekwisha. Ukifungua mlango wa mkahawa, joto linakupokea kabla hujaonja chochote. Kwa mtu wa aina hiyo kahawa ilikuwa nusu tu ya alichonunua. Nusu ya pili ilikuwa makaa.

Wauza makaa wenyewe hawakuwa tabaka moja. Mfanyabiashara mkubwa alinunua behewa zima, akashusha mzigo kwenye yadi ya stesheni au kwenye gati la mfereji, akauza kwa tani. Chini yake alikuwapo mchuuzi wa mtaani, mwenye punda au mkokoteni wa kusukuma, aliyeuza gunia moja, au nusu, au ndoo. Ukifungua vitabu vya zamani vilivyoorodhesha biashara za kaunti, kama kile cha William White cha mwaka 1846, unawakuta watu wa namna hii wakishika kazi mbili kwa pamoja, makaa na duka la vyakula, au makaa na bia. Nawaonea heshima kubwa hao wachuuzi wadogo. Mikahawa ilijengewa majumba, nao walibeba mji mgongoni bila kujengewa kitu.

Lakini si wote walikuwa waaminifu. Zamani makaa yaliuzwa kwa kipimo cha kujaza, na kipimo kililundikwa hadi juu, mfano wa ile lumbesa inayowalalamisha wakulima wa Tanzania. Hila yake ilikuwa rahisi. Bonge moja kubwa likivunjwavunjwa, vipande vinaacha nafasi katikati, na makaa yale yale yanajaza chombo kikubwa zaidi. Sheria ya mwaka 1835 ilipiga marufuku kipimo cha lundo na kuagiza makaa yauzwe kwa mizani. Basi wajanja wakabaki na maji, kwa kuwa makaa yaliyoloweshwa yana uzito zaidi. Mwaka 1889 sheria nyingine ilimlazimu muuzaji kutoa stakabadhi ya uzito kwa mzigo unaopelekwa kwa gari ukizidi kilo mia moja hivi. Ilikuwa sheria njema, ila mjane aliyenunua ndoo moja jioni haikumgusa.

Kahawa nayo ilichakachuliwa. Mizizi ya chikori, ikikaangwa na kusagwa, inatoa rangi nyeusi na uchungu unaomdanganya asiyezoea. Daktari Arthur Hassall alipozichunguza kahawa za madukani kwa hadubini mwanzoni mwa miaka ya 1850, alikuta nyingi mno zimechanganywa. Mlevi aliyeacha bia akapewa maji ya mizizi alikuwa na haki ya kurudi alikotoka. Ndiyo maana mikahawa ya wapinga pombe iliyodumu ni ile iliyotoa kinywaji cha kweli kwa bei ya maskini. Mahubiri peke yake hayakujaza viti.

Wamo watu wengine katika habari hii ambao sijawagusa. Pembeni mwa mgodi wa Whitwick ulikua mji mpya ulioitwa Coalville, na wanaume wake walishuka ardhini kila siku ili birika za Leicester zichemke. Usiku wa kuamkia 19 Aprili 1898 moto ulizuka chini humo, na watu 35 hawakupanda tena. Wiki ijayo tutakwenda kwao.