Kuzamia kwa Kutokea Ufukweni

Sehemu kubwa ya pwani ya Kenya, na sehemu nyingi za Tanzania, ina mwamba wa matumbawe unaokwenda sambamba na ufuko, pengine mita mia chache kutoka nchi kavu, pengine zaidi ya kilomita moja. Ndani ya mwamba kuna maji ya kina kifupi, majani ya bahari na vichwa vya matumbawe vilivyotawanyika. Anayeingia baharini kwa miguu, bila chombo, huzamia huku ndani. Nje, mawimbi yanakoumuka, wengi hupelekwa kwa mashua.

Kinachoamua kila kitu ni kupwa na kujaa. Mjini Mombasa, wakati wa bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya maji makavu na maji makuu hukaribia mita 4. Siku za maji mafu, katikati ya bamvua mbili, tofauti hiyo hupungua sana. Kila siku saa za maji husogea mbele kwa takriban dakika 50, kwa hiyo saa iliyofaa Jumatatu haifai tena Ijumaa. Bamvua likikauka, ndani ya mwamba hubaki madimbwi, na huo ndio wakati wa wachokoaji wa pweza. Mzamiaji husubiri maji yajae.

Hatari kubwa ya pwani hii ni maji yanapotoka, wala si papa. Maji yote yaliyoingia hurudi nje kupitia milango ya mwamba, na mkondo wa hapo humshinda hata muogeleaji hodari. Aliyenaswa hapaswi kupigana nao uso kwa uso. Aukate kwa upande mpaka atoke kwenye njia yake. La busara zaidi ni kukaa mbali na mlango, kuingia maji yakikaribia kujaa, na kutoka kabla hayajaanza kukimbia.

Upepo nao una sauti yake. Kusi, hasa kuanzia Juni hadi Agosti, huchafua maji. Kaskazi inapotulia, Februari na Machi, mtu huona mbali. Malindi ina shida ya ziada: mvua zikinyesha bara, Mto Sabaki humwaga tope jekundu baharini.

Viatu vya soli nene ni vya lazima, maana ncha za miamba hukata na wale wanyama wa duara wenye miiba mirefu myeusi hujificha kila ufa. Mapezi huvaliwa maji yakifika kiunoni. Kwenye mchanga, miguu huburutwa ili taa aliyejifukia apate kukimbia. Anayetumia tangi la hewa ana sheria moja isiyovunjwa: asizuie pumzi wakati wa kupanda, kwa sababu hewa iliyovutwa kwenye kina cha mita 10 hutanuka mara mbili ifikapo juu, na mapafu yanaweza kupasuka.

Chini, anayetulia ndiye anayeona. Magamba ya kaa na kombe tupu zilizorundikana mbele ya tundu humtambulisha pweza aliye ndani. Tumbawe la mviringo lenye ukubwa wa meza limekua kwa takriban sentimita moja tu kwa mwaka. Kusimama juu yake ili kurekebisha miwani ni kuharibu kazi ya miongo. Matumbawe haya yameshaumia vya kutosha: joto la bahari la mwaka 1998 liliyapausha na kuua mengi.

Tofauti ya mahali palipolindwa huonekana kwa macho. Katika hifadhi za Malindi na Watamu, zilizoanzishwa mwaka 1968, samaki aitwaye kikande yupo, naye hula wale wanyama wa duara wenye miiba. Alipovuliwa akaisha, wenye miiba huzaana bila kizuizi na kuukwangua mwamba hadi matumbawe machanga yakose pa kushika. Hata uvuvi ukikatazwa, kikande huchukua miaka mingi kurudi kwa wingi.