PlayStation inayosema Kijapani tu: juu ya nini Sony inarudi nyumbani?

Tarehe 21 mwezi wa 11 mwaka 2025, kampuni ya Sony ilianza kuuza PlayStation 5 ya namna ya pekee, na ni Japani tu. Bei yake ilikuwa yen 55 000. PlayStation 5 ya kawaida isiyo na diski ilikuwa inauzwa yen 72 980 katika maduka ya nchi ile ile. Tofauti ni karibu yen 18 000, na hiyo si feza kidogo.

Lakini bei hiyo iko na masharti mawili. Mashini inasema Kijapani tu, haina lugha nyingine. Tena inakubali tu akaunti iliyofunguliwa kwa jina la nchi ya Japani. Mgeni akiinunua na kuipeleka kwao, itamsumbua.

Juu ya nini kampuni inayouza duniani kote inaanza kutengeneza mashini ya watu wa nyumbani peke yao?

Nyumbani palianza kupoa

PlayStation ni mtoto wa Japani. Ya kwanza ilitoka huko tarehe 3 mwezi wa 12 mwaka 1994. Ya pili, PlayStation 2, ilitoka pia Japani kwanza, mwezi wa 3 mwaka 2000, na nchi zingine zikangoja. Hiyo ya pili iliuzwa zaidi ya milioni 155 duniani, na Japani peke yake ilichukua zaidi ya milioni 20.

Kisha mambo yakageuka. PlayStation 4 ilitoka Marekani mwezi wa 11 mwaka 2013. Wajapani walingoja mpaka mwezi wa 2 mwaka 2014, miezi mitatu nzima, kupata mashini ya kampuni yao wenyewe. Duniani iliuzwa zaidi ya milioni 117, lakini Japani haikufika hata milioni 10.

Mwaka 2016, makao makuu ya kazi ya PlayStation yaliwekwa San Mateo, katika California. Mwaka 2021, Japan Studio, kiwanda cha michezo ambacho Sony ilikuwa nacho huko tangu miaka ya tisini, kilivunjwa. Kundi moja dogo tu, Team Asobi, lilibaki likiendelea na kazi.

Kwa hesabu ya biashara, hiyo haikuwa wazimu. Wanunuzi wengi walikuwa Marekani na Ulaya, na kule watu wanapenda mashini kubwa ya kuunga kwenye televisheni. Japani watu wengi wanaishi katika nyumba ndogo na wanasafiri kwa treni kila siku, kwa hiyo wanapenda kucheza wakiwa njiani, kwenye simu ao kwenye mashini ya mkononi. Sony ilikuwa na mashini za namna hiyo, PSP na kisha Vita, lakini mwaka 2019 ilimaliza kuzitengeneza.

Nafasi hiyo ilichukuliwa na Nintendo, kampuni ya mji wa Kyoto. Switch yake, iliyotoka mwaka 2017, inachezwa kwenye televisheni na mkononi pia. Japani peke yake imeuzwa zaidi ya milioni 30.

Duara na msalaba

Kuna jambo moja dogo ambalo liliwauma Wajapani wengi. Kwenye maneti ya PlayStation kuna kitufe cha duara na kitufe cha msalaba. Katika masomo ya Japani, mwalimu anaweka duara penye jibu la sawa. Kwa hiyo, tangu 1994, duara kwao ilikuwa “ndiyo”, na msalaba ilikuwa “hapana”. Marekani na Ulaya ilikuwa kinyume: msalaba ndiyo ya kukubali.

PlayStation 5 ilipotoka mwaka 2020, Sony iliweka desturi moja kwa dunia yote, ile ya Marekani. Mjapani aliyecheza miaka ishirini na sita akibonyeza duara, ghafla kidole chake kilikuwa kinakosea. Wengi walisoma hapo kwamba nyumbani si tena mahali pa kuamua.

Yen inashuka, mashini zinatoka

Sababu ya pili ni feza. Muuza duka wa Goma ao Bunia anaijua hesabu hii vizuri: unarudisha mali kwa dola, unauza kwa franka. Franka ikishuka, unapandisha bei ao unakula hasara.

Sony ilikutwa na jambo hilo hilo. Mwaka 2020, dola moja ilikuwa karibu yen 105. Katikati ya mwaka 2024 ilipita yen 160. Mashini ya yen 50 000 iliyokuwa inaleta kama dola 475 sasa ilikuwa inaleta dola 310 na kitu.

Kwa mwenye dola, Japani ikawa duka la bei ya chini. Wachuuzi walinunua PlayStation 5 huko na kuziuza tena inje ya nchi, wakapata faida. Kumbe mashini nyingine zilizohesabiwa kuwa za Japani hazikukaa Japani hata siku moja.

Sony ilipandisha bei mara na mara. Mwezi wa 9 mwaka 2024, PlayStation 5 yenye diski ilifika yen 79 980. Mwanzoni ilikuwa karibu yen 55 000 pamoja na kodi. Wachuuzi walipoteza faida, lakini mzazi wa Osaka anayelipwa kwa yen naye akashindwa kununua.

Lugha ndiyo kufuli

Nintendo ndiyo ilitangulia kutafuta njia. Switch 2 ilipotoka mwezi wa 6 mwaka 2025, Japani ilipata aina mbili: ya lugha nyingi kwa yen 69 980, na ya Kijapani tu kwa yen 49 980. Kabla hata haijatoka, watu karibu milioni 2,2 walijiandikisha kwenye duka la Nintendo la intaneti, kupigiwa kura ya nani atanunua kwanza.

Sony iliona na ikafuata miezi mitano nyuma. Lugha inafanya kazi ya kufuli: bei ya chini inabaki kwa watu wa nyumbani, na mchuuzi anakosa wa kumuuzia inje.

Je, itatosha? Bei peke yake hairudishe mtoto aliyekwisha kuzoea kucheza ndani ya treni, na mwaka 2025 yen 55 000 ilikuwa bado inapita bei ya Switch 2 ya Kijapani. Lakini kuna alama zingine. Mwaka 2024, Team Asobi, wale waliobaki Tokyo, walitoa mchezo Astro Bot, na ukachaguliwa mchezo wa mwaka katika The Game Awards.

Na huku mashariki ya Kongo?

Magari mengi ya usukani wa kuume yanayotembea Kivu na Ituri yametoka Japani, na mengine redio zake bado zinaandika Kijapani. Mashini za michezo zinaweza kufuata njia ile ile ya vitu vilivyokwisha kutumika. Kijana anayetaka kufungua chumba cha michezo katika kartie, na ambaye anaonyeshwa PlayStation 5 ya bei ya ajabu, aombe muuzaji aiwashe kwanza mbele yake. Atazame kama inakubali Kifaransa ao Kiingereza, na kama iko na mahali pa kuingiza diski. Ikikataa lugha zote isipokuwa Kijapani, basi ni ile ambayo Sony ilitengeneza isitoke Japani. Feza isitoke mfukoni mbele ya jaribio hilo.